Sura ya Sita: Chuma Huchakaa, Mtu Hubaki

Mwanzoni mwa mwaka 1945, majumba ya sinema ya Marekani yalianza kuonyesha filamu ya dakika 61 kuhusu manowari ambayo haikutajwa jina hata mara moja. Filamu yenyewe iliitwa The Fighting Lady. Vita vya Pasifiki vilikuwa bado havijaisha. Wazazi wengi waliokaa gizani mbele ya skrini walikuwa na watoto wao huko baharini, na wengine walikwisha kupokea simu ya maandishi ya serikali yenye habari ya msiba. Hawakuonyeshwa mwigizaji hata mmoja. Robert Taylor, nyota mkubwa wa Hollywood wa wakati ule, alisikika tu kama msimulizi, na yeye mwenyewe alikuwa luteni wa Jeshi la Majini aliyekuwa akifundisha marubani. Waliowaona ni mabaharia, mafundi, wapiga mizinga na marubani, wengi wao vijana wa miaka ishirini na kitu, wakifanya kazi yao kwenye meli ya kubeba ndege.

Jina la meli lilifichwa kwa sababu za usalama. Adui hakutakiwa kujua ni manowari ipi ilikuwa wapi na lini. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa ya filamu ilipigwa kwenye USS Yorktown, na kwamba picha kadhaa zilitoka kwenye meli nyingine za aina yake. Mwaka huohuo wa 1945 filamu hii ilitunukiwa Oscar ya filamu ndefu ya hali halisi.

Filamu za vita zilizotengenezwa miaka ile ni nyingi mno, na nyingi zimesahaulika kwa haki. Zilikuwa matangazo ya serikali, na vita vilipokwisha kazi yake ilikwisha. Hii bado inatazamika, na ninaamini sababu ni agizo moja alilolitoa mzee mmoja kwa wapiga picha wake: pigeni picha za watu, kwa maana meli na ndege zitapitwa na wakati, lakini mtu hatapitwa na wakati kamwe. Agizo hilo ndilo lililoipa filamu uhai wake. Ndilo pia kipimo cha haki cha kuihukumu, kwa sababu kuna watu ambao filamu yenyewe haikuwapa nafasi hiyo.

Mzee aliyekataa kupumzika

Mzee huyo ni Edward Steichen. Alizaliwa Luxembourg mwaka 1879 na kupelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo. Kufikia miaka ya 1920 na 1930 alikuwa miongoni mwa wapiga picha maarufu kuliko wote duniani, akipiga picha za mitindo na za watu mashuhuri kwa majarida ya Vogue na Vanity Fair. Lakini alikuwa na maisha mengine kabla ya hayo. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliongoza upigaji picha za angani wa jeshi la Marekani nchini Ufaransa, kazi ya kupiga picha za mahandaki na mizinga ya adui kutoka juu. Picha za namna ile hazina uso wa mtu. Zinaonyesha mistari na mashimo ardhini, na baada ya saa chache mizinga inafyatuliwa kuelekea kwenye alama zilizochorwa juu yake.

Japani ilipoishambulia Pearl Harbor mwezi Desemba 1941, Steichen alikuwa na miaka 62. Alijaribu kurudi jeshini akaambiwa umri umepita. Aliyempa nafasi ni Kapteni Arthur Radford, aliyekuwa akisimamia mafunzo ya marubani wa Jeshi la Majini. Radford alikuwa na shida ya wazi: alihitaji maelfu ya vijana wajiunge na urubani wa majini, na alihitaji picha za kuwavutia. Steichen alipewa cheo cha luteni-kamanda na ruhusa ya kuunda kikosi kidogo cha wapiga picha atakaowachagua mwenyewe.

Hapo ndipo agizo lake lilipoanza kufanya kazi. Aliwachagua watu waliokuwa tayari na jicho, kama Wayne Miller, Horace Bristol, Victor Jorgensen na Charles Kerlee, akawatuma waende watakapo na kupiga wanachokiona. Waliruhusiwa kupanda meli hii na kushuka ile bila kufungwa na kituo kimoja. Mpiga picha wa kawaida wa jeshi alitakiwa kuleta picha ya mzinga ukifyatua. Steichen aliwaambia watu wake wamtazame anayebeba risasi, anayesubiri zamu, anayelala chini ya bawa la ndege akiwa amevaa viatu.

Hakuwa wa kwanza kuhisi hivyo. Mwezi Juni 1942 mwongozaji wa filamu John Ford alikuwa kisiwani Midway wakati ndege za Japani zilipokishambulia. Alijeruhiwa na vipande vya bomu huku kamera ikiendelea kuzunguka, na filamu yake fupi ya The Battle of Midway ikapata Oscar. Ford alikuwa pia na picha za kikosi cha ndege za topido cha meli ya Hornet, zilizopigwa kabla ya mapigano: marubani wawiliwawili wamesimama mbele ya ndege zao, wanacheka, wanapiga gumzo. Ndege zote 15 za kikosi hicho zilizoruka kutoka Hornet zilitunguliwa. Kati ya watu 30 waliokuwamo alinusurika mmoja. Ford aliziunganisha picha zile zikawa filamu ya dakika zipatazo 8, akazipelekea familia za marehemu. Haikuhusu ushindi wala mkakati. Iliwapa wazazi sekunde chache za uso wa mtoto wao. Ndicho kile ambacho Steichen alikitaka kiwe msingi wa filamu nzima.

Mji juu ya maji

Yorktown iliyoonyeshwa katika filamu ilibeba jina la marehemu. Meli iliyotangulia kuitwa Yorktown ilizama tarehe 7 Juni 1942, baada ya mapigano ya Midway. Meli mpya ilikuwa tayari inajengwa huko Newport News, Virginia, nayo ilipangiwa jina la Bon Homme Richard. Jina likabadilishwa ili adui ajue kwamba alichokizamisha kimerudi. Tarehe 21 Januari 1943 Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alikuja kuizindua. Shughuli zikiwa bado zinaendelea, meli ilianza kuteleza kuelekea majini kabla ya saa yake. Mama huyo aliwahi, akaivunja chupa kwenye omo la meli iliyokuwa tayari inaondoka.

Nahodha wake wa kwanza alikuwa Joseph James Clark, aliyejulikana kama Jocko, mtoto wa kabila la Wacherokee kutoka Oklahoma na Mmarekani asilia wa kwanza kuhitimu katika chuo cha Jeshi la Majini. Aliichukua meli ya tani 27,100 yenye urefu wa mita 266, watu wapatao 3,000 na ndege zipatazo 90. Wengi wa watu wake hawakuwahi kuiona bahari kabla ya vita. Filamu inaanza na hawa wageni wa bahari, na inawafuata wakipita Mfereji wa Panama kuingia Pasifiki, wakijifunza kazi wakiwa njiani.

Inafaa tusimame hapa tuitazame kazi yenyewe kama ilivyofanywa wakati ule, kwa sababu ndiyo moyo wa filamu. Meli ya kubeba ndege ni uwanja wa ndege unaokimbia. Kabla ndege haijaruka, meli nzima hugeuzwa ielekee upepo unakotoka na kuongezewa mwendo, ili upepo wa mbele uisaidie ndege kunyanyuka ndani ya umbali mfupi. Ndege hupangwa nyuma ya sitaha zikiwa zimebanana, mabawa yamekunjwa, na injini zinapowashwa mtu anayekosea hatua mbili anakatwa na rafadha. Kelele haziruhusu maneno. Kila kitu huamriwa kwa mikono, na kila kundi la wafanyakazi huvaa fulana na kofia za rangi yake ili ijulikane nani ni nani: wa njano ndio wanaoziongoza ndege, wa buluu ndio wanaozisukuma.

Kurudi ndiko kugumu zaidi. Rubani huja kutoka nyuma ya meli akiitazama sitaha inayopanda na kushuka na mawimbi. Kwenye ukingo wa kushoto amesimama afisa mwenye vibao viwili mikononi. Akivinyoosha sawa na mabega, maana yake uko vizuri. Akiviinamisha upande, bawa lako limelala. Akivipunga juu ya kichwa, ongeza moto uzunguke tena. Akikata kwa mkono mmoja shingoni, rubani huzima nguvu ya injini na ndege huanguka sitahani, kulabu iliyo chini ya mkia ikinasa mojawapo ya nyaya zilizotandazwa kwa upana wa sitaha. Ikinasa, ndege husimama ghafla. Isiponasa, mbele yake kuna kizuizi cha nyaya, na nyuma ya kizuizi kuna ndege nyingine zilizojaa mafuta.

The Fighting Lady inaonyesha haya yote bila haraka. Tunawaona mafundi wakikimbia kuitoa kulabu kwenye waya, ndege ikikunja mabawa na kusogezwa mbele, inayofuata ikiwa tayari iko nyuma yake hewani. Tunaona pia ndege zikija vibaya, tairi moja likitangulia, bawa likigonga sitaha, moto ukiwaka na watu wa zimamoto wakiukimbilia wakati wengine wote wanarudi nyuma. Na kati ya matukio hayo kuna kungoja kwingi: marubani kwenye viti vya chumba chao cha kujiandalia, wapiga mizinga wakikodolea macho mbingu tupu, watu wakila, wakisinzia. Mwongozaji wa filamu ya kutunga angekata sehemu hizo. Louis de Rochemont, mtayarishaji wa filamu hii, na Steichen aliyemtegemea kwa picha waliziacha, nao walifanya vyema. Askari yeyote wa vita vyovyote atakwambia kwamba kungoja ndiko kulikomla zaidi.

Rangi, na jicho lililo ndani ya bawa

Picha nyingi za Vita Kuu ya Pili tunazozikumbuka ni nyeusi na nyeupe, na hilo limevifanya vita vile vionekane vya kale kuliko vilivyo. The Fighting Lady ilipigwa kwa rangi. Wapiga picha, na hasa Dwight Long, kijana ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa ameizunguka dunia kwa mashua ya tanga, walitumia kamera ndogo za milimita 16 zenye filamu ya Kodachrome. Baadaye picha hizo zilikuzwa hadi milimita 35 na kusafishwa kwa utaratibu wa Technicolor ili zionekane vizuri kwenye skrini kubwa za sinema.

Uamuzi huu wa kiufundi ulikuwa na matokeo yake. Kamera kubwa za studio zilihitaji miguu mitatu, watu kadhaa na nafasi. Kamera ya milimita 16 ilishikwa mkononi. Mtu mmoja aliweza kujibana pembeni mwa mzinga au kuegemea ukuta wa mnara wa meli bila kumzuia yeyote. Kodachrome kwa upande wake ilihitaji mwanga mwingi, na mwanga ndio utajiri wa Pasifiki. Kwa hiyo tunauona ule ubuluu mkali wa maji, mbao za sitaha zilizopauka, ngozi zilizobabuka kwa jua. Tunaona kwamba walikuwa watoto. Uso wa kijana wa miaka 20 kwenye picha nyeusi na nyeupe unaweza kudhaniwa wa mtu mzima. Kwenye rangi, mashavu yanamsaliti.

Chanzo cha pili cha picha kilikuwa cha ajabu zaidi. Ndege za kivita zilifungwa kamera ndogo iliyounganishwa na kitufe cha bunduki. Rubani alipobonyeza kufyatua, kamera nayo ilianza kuzunguka ikielekea pale risasi zinapokwenda. Lengo halikuwa sanaa. Makamanda walitaka kuhakikisha kama ndege ya adui iliyodaiwa kutunguliwa kweli ilitunguliwa, na walimu walitaka kuwaonyesha wanafunzi makosa ya kulenga. Ndege ikirudi, mkanda ulitolewa na kupelekwa kusafishwa. De Rochemont alizichukua picha hizo na kuziweka katikati ya filamu yake. Mtazamaji akajikuta amekaa pale alipokaa muuaji, akiiona ndege iliyo mbele ikikua, ikitoa moshi, ikipasuka.

Picha hizo ndizo zilizowashangaza watazamaji wa 1945 kuliko zote. Kwangu mimi ndipo agizo la Steichen linapoanza kuvunjwa. Jicho lililofungwa kwenye bunduki haliwezi kumtazama mtu. Linachoona ni shabaha.

Kutoka Truk hadi Mariana

Yorktown iliingia vitani tarehe 31 Agosti 1943 kwa kukishambulia kisiwa cha Marcus. Ikafuata Wake mwezi Oktoba, visiwa vya Gilbert mwezi Novemba, kisha Kwajalein tarehe 4 Desemba. Siku hiyo ya Kwajalein mpiga picha wa Yorktown aliinasa ndege ya topido ya Kijapani ikilipuka hewani karibu na meli, picha iliyosambaa dunia nzima. Steichen mwenyewe alikuwa karibu, kwenye meli ya Lexington, ambayo usiku wa siku hiyohiyo ilipigwa topido. Aliyaandika aliyoyaona kwenye meli ile katika kitabu chake cha mwaka 1947, The Blue Ghost.

Tarehe 17 na 18 Februari 1944 kundi la meli za kubeba ndege lilivamia Truk, ngome kuu ya Japani katika Pasifiki ya kati. Meli takriban 40 zilizamishwa na ndege zaidi ya 200 ziliteketezwa. Leo mahali hapo panaitwa Chuuk, ndani ya Shirikisho la Mikronesia, na wapiga mbizi huenda kuzitazama meli zilizolala chini ya ziwa la bahari. Katika filamu, Truk ni sehemu ya msisimko mkubwa: kwa miaka mingi wanamaji wa Marekani walikuwa wamelisikia jina hilo kwa hofu.

Filamu inafikia kilele chake mwezi Juni 1944, katika mapigano ya Bahari ya Ufilipino karibu na visiwa vya Mariana. Tarehe 19 Japani ilipoteza zaidi ya ndege 300 kwa siku moja, Marekani zipatazo 30. Tofauti hiyo haikuletwa na ujasiri. Kufikia mwaka huo Japani ilikuwa imepoteza marubani wake wazoefu na haikuwa na mafuta ya kutosha kuwafundisha wapya, kwa hiyo ilipeleka vijana waliokuwa na saa chache za kuruka kupambana na watu waliofunzwa kwa miaka miwili. Kesho yake jioni Marekani ilituma ndege 216 kwenda mbali sana kuwasaka Wajapani, nazo zikarudi usiku zikiwa hazina mafuta. Admirali Marc Mitscher aliamuru meli ziwashe taa, jambo la hatari kubwa penye nyambizi, ili vijana wake waione njia. Ndege zipatazo 80 zilianguka baharini au kuvunjika sitahani, lakini wengi wa waliokuwamo waliokolewa.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki mapigano haya si ya mbali kama ramani inavyoonyesha. Mwezi Aprili 1942 meli tano za kubeba ndege za Japani ziliishambulia Ceylon, zikaizamisha Hermes, meli ya kubeba ndege ya Uingereza, na sehemu kubwa ya kundi la manowari za Waingereza la Mashariki likahamia Kilindini, Mombasa. Watatu kati ya wavamizi hao watano walizama Midway miezi miwili baadaye. Wa nne, Shokaku, alizamishwa na nyambizi tarehe 19 Juni 1944, siku ileile ambayo filamu inaifanya kilele chake.

Mwishoni filamu inarudi kwa watu. Inatuonyesha tena nyuso tulizokwisha kuzizoea na kutuambia kwamba hawa hawakurudi. Inaumiza kwa sababu ya yote yaliyotangulia. Tuliwaona wakingoja. Tuliwaona wakicheka. Ndiyo maana kuondoka kwao kunaacha pengo, na hapo agizo la Steichen linatimia lote.

Walio nje ya fremu

Sasa tulitumie agizo hilohilo kuihukumu filamu yenyewe.

Katika manowari za Marekani za wakati ule, wanamaji weusi karibu wote waliwekwa kwenye idara ya uhudumu: kuwapikia maofisa, kuwaandalia meza, kuwafulia na kuwatandikia vitanda. Tangu Juni 1942 sheria iliwaruhusu kuandikishwa kwa kazi nyingine, lakini kwenye meli za vita hali haikubadilika kwa haraka. Mapigano yalipoanza, wahudumu haohao walipanda kwenye mizinga au kubeba risasi. Filamu inayojivunia kwamba imeuonyesha mji mzima uliomo ndani ya meli haikuwapa hawa ule muda iliowapa marubani: muda wa kuzoeleka, kupendwa na kuliliwa.

Tumtazame mmoja wao kwa karibu. Doris Miller alikuwa kijana wa Waco, Texas, mhudumu kwenye manowari ya West Virginia. Siku ya Pearl Harbor alimbeba nahodha wake aliyejeruhiwa, kisha akashika bunduki kubwa ya kutungulia ndege ambayo hakuwahi kufundishwa kuitumia. Tarehe 27 Mei 1942, kwenye sitaha ya meli ya kubeba ndege Enterprise, Admirali Chester Nimitz alimvisha Msalaba wa Jeshi la Majini, na akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuupata. Baada ya nishani alirudishwa kwenye kazi ileile ya uhudumu. Alipelekwa kwenye meli ndogo ya kubeba ndege iitwayo Liscome Bay. Tarehe 24 Novemba 1943, katika operesheni ileile ya visiwa vya Gilbert iliyoihusisha Yorktown, nyambizi ya Kijapani iliipiga Liscome Bay topido. Ghala la mabomu lililipuka, meli ikazama kwa dakika 23, na watu 644 wakafa, Miller akiwa mmoja wao. Mwaka 2020 Jeshi la Majini la Marekani lilitangaza kwamba meli yake mpya ya kubeba ndege itapewa jina lake. Heshima ya kukipa chuma jina la mtu imekuja miaka 77 baada ya kifo cha mtu mwenyewe.

Wajapani nao katika filamu hawana uso kabisa. Ni nukta angani, moshi, maji yanayoruka. Filamu ya wakati wa vita haikuweza kufanya vingine, wala simlaumu mama wa Ohio wa 1945 kwa kushangilia. Lakini sisi tunaotazama leo tunajua kwamba ndani ya nukta zile za Juni 1944 kulikuwa na wanafunzi wa urubani, na kwamba kila nukta iliyozimika ilikuwa na mama yake Kagoshima au Osaka.

Na wako wale ambao hakuna kamera ya Steichen iliyowafikia. Tarehe 12 Februari 1944, siku tano kabla ya shambulio la Truk, meli ya abiria Khedive Ismail iliyoondoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Watu karibu 1,300 walikufa, wakiwemo askari wengi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki waliokuwa safarini kwenda vitani, pamoja na wauguzi. Ilizama ndani ya dakika chache. Juma lilelile ambalo vijana wa Yorktown walirekodiwa kwa rangi wakifunga mikanda ya viti vyao, vijana wetu walizama bila picha moja ya kuwaonyesha watoto wao walikuwa wakifanana na nani. Katika familia nyingi kilichobaki ni jina alilopewa mjukuu.

Mtihani wa baada ya vita

Steichen mwenyewe hakuliacha agizo lake liishie kwenye meli za Marekani. Mwezi Septemba 1945 Wayne Miller, kijana wake wa kikosi kilekile, alikuwa Hiroshima, akiwapiga picha manusura wa bomu la atomiki kwa ukaribu uleule aliowapigia wanamaji wenzake. Aliporudi nyumbani alitumia miaka kadhaa akipiga picha maisha ya watu weusi wa upande wa kusini wa Chicago. Huyu alikuwa amelielewa agizo kuliko filamu ilivyolielewa: ukilazimika kumtazama mtu wa upande wako, huna sababu ya kutomtazama mtu wa upande wa pili, wala yule anayekuhudumia chai.

Mwaka 1955 Steichen, akisaidiwa na Miller, alifungua maonyesho ya The Family of Man katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Zilikuwa picha 503 kutoka nchi 68, za watu wakizaliwa, wakipendana, wakifanya kazi, wakizikana. Maonyesho hayo yalizunguka dunia, na leo yamehifadhiwa katika kasri la Clervaux, Luxembourg, nchi aliyozaliwa. Mzee aliyeanza kwa kupiga mashimo ya mizinga kutoka angani aliishia kujaribu kuukusanya uso wa binadamu mahali pamoja.

Jaribio hilo nalo lilipingwa. Mwanafalsafa Mfaransa Roland Barthes aliandika kwamba kuwaonyesha watu wote kuwa ni wamoja katika kuzaliwa na kufa kunaficha kwamba wengine huzaliwa na kufa kwa dhuluma. Mwaka 1959, maonyesho yalipofika Moscow, mwanafunzi kutoka Nigeria alizichana baadhi ya picha kwa hasira, akilalamika kwamba Waafrika walionyeshwa nusu uchi na kama watu wa porini huku Wazungu wakionyeshwa kwa staha. Wote wawili walikuwa na hoja. Waafrika hatimaye walikuwemo kwenye fremu, lakini uso ulioonyeshwa bila jina, bila kazi anayoijua na bila mtu wa kumkosa ni pambo la hoja ya mwingine.

Kwa hiyo agizo la Steichen linahitaji kumaliziwa, na The Fighting Lady, pamoja na mapungufu yake, inatufundisha jinsi ya kulimalizia. Marubani wa Yorktown walipewa vitu vitatu. Walipewa kazi, tukawaona wakiifanya kwa ustadi. Walipewa muda, tukangoja nao. Walipewa kukoswa, tukaambiwa nani hakurudi. Mtu akipewa vyote vitatu kwenye skrini, hawezi tena kuwa takwimu hata kwa mtazamaji aliyezaliwa miaka 60 baada ya kifo chake. Doris Miller alipewa nishani bila vitu hivyo. Rubani wa Kijapani hakupewa hata kimoja. Askari wa Khedive Ismail hawakupewa hata mtu wa kuwatazama.

Yorktown yenyewe ilidumu. Mwezi Desemba 1968 iliwaopoa wanaanga wa Apollo 8 kutoka baharini, na tangu 1975 imefungwa kama makumbusho huko Mount Pleasant, South Carolina. Watalii hutembea juu ya sitaha ile. Lakini lile jicho lililofungwa kwenye bawa halikustaafu. Limehamia kwenye droni, na kila siku simu zetu zinatuletea picha za vita vya Sudan, Ukraine na Gaza zilizopigwa kutoka kwenye silaha yenyewe, zikiwa na nukta nyeusi zinazokimbia na kisha hazikimbii. Picha hizo ni za kweli, kama zilivyokuwa kweli za 1944, na zinatufundisha kuwaona watu kwa jicho la bunduki. Dawa yake tumeachiwa na wapiga picha wa sitahani. Kabla ya kuisambaza picha ya namna hiyo, au kuishangilia, tutafute ya pili: inayoonyesha mtu huyo alikuwa akifanya kazi gani, aliishi vipi kabla ya sekunde ile, na nani leo anamkosa. Ikikosekana, tujue kwamba tumeonyeshwa nusu ya vita, na ni ile nusu ambayo aliyeshika silaha alitaka tuione.